Hesabu ya Kalinzi

Ndizi zilizochacha nimezitundika mtegoni,
chambo cha vipepeo walevi.
Ntabaliba, mchoma mkaa, ananicheka:
"Pombe hiyo si ungetupa sisi?"

Bondeni, mtoni, msitu ungali na giza lake:
kumi na tisa, kila mmoja na vazi lake.
Huku juu, penye matanuri,
mia mbili na sita!
Nikataka kupiga vigelegele.
Kisha nikawatazama vizuri:
weupe, weupe, wa njano, weupe,
wale wale wa barabarani
wanaofyonza jasho kwenye kamba ya mkoba wangu.

Yule wa buluu, mwenye jicho chini ya bawa,
safu yake daftarini niliichora mwaka juzi.
Tupu.
"Ifute basi," asema Ntabaliba.
Kifutio nimekisahau nyumbani,
makusudi.