Hesabu ya Ngazi

Ngazi za nyumba hii hazifanani.
Ya tatu ni fupi, ya saba imepinda,
ya kumi na moja ina ufa ambao Amriya
aliujaza chokaa mwaka tuliooana
na kila masika ukafunguka upya.
Miaka thelathini na minne nimezipanda gizani
bila kujua ni ngapi.
Sasa najua. Kumi na tisa.
Nimezipima kwa futi ya fundi, nikaziandika
nyuma ya kalenda ya duka la saruji,
kana kwamba jiwe likiandikwa litalainika.

Aliteleza penye birika, alfajiri, kata mkononi.
Nyonga ikavunjika kwa sauti ndogo,
kama muwa uliovunjwa chumba cha pili.

Aliporudi kutoka Malindi na chuma ndani ya mwili,
vijana wanne walimbeba kitini toka gatini,
vichochoro vikatubana, punda wakakataa kupisha.
Mimi nyuma na mto, na eksirei kwapani,
naona haya kwa niaba yake.
Yeye akawaambia, "Polepole, wanangu,
nataka kuona nani kapaka mlango wake rangi hii mbaya."

Kila Jumanne na Alhamisi anakuja Kadzo,
mikono mifupi, viatu vya raba,
hanywi chai mpaka kazi iishe.
"Kunja. Nyosha. Shikilia. Hesabu kumi."
Amriya anahesabu tano, anaruka hadi tisa.
"Mama, hapa si sokoni."
"Kila mahali ni sokoni, mwanangu. Nipunguzie."

Nami nimejifunza mambo yasiyo na cheti:
kusuka nywele zake mikia miwili, mmoja mnene kuliko mwenziwe;
kumvisha soksi ya kubana bila kukunja kidole;
kumwachia yeye aseme inauma,
nisiseme mimi kabla yake.
Nimejifunza pia kukasirika.
Siku wali ulipoungua nilimwambia neno
ambalo sitaliandika hapa.
Alizitazama zidaka ukutani,
akaanza kuhesabu sahani za marehemu mamake.
Nikatoka, nikaizunguka Mkomani mara mbili,
nikarudi na halua nusu ratili.
Hakuila.
Aliila usiku.

Wiki ya tisa, chini ya ngazi,
kiganja changu kilikuwa kiunoni mwake kama kawaida.
Kadzo akasema, "Mzee, ondoa mkono."
Nikasema ataanguka.
"Pengine. Lakini ukiuacha hapo
atapanda mkono wako, hatapanda ngazi."
Niliuondoa.
Sikujua mkono una uzito kiasi kile
ukiwa haushiki kitu.
Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu, ile fupi,
akasimama, jasho lachuruzika shingoni,
akasema kwa Kiamu cha nyanya yake, "Ndia ni hini hini."
Akashuka. Siku hiyo tatu zilitosha.

Jana usiku niliamka, upande wake wa kitanda una baridi.
Nikasikia mkongojo: raba kwenye sakafu, kisha unyayo,
raba, unyayo.
Kila kiungo changu kilitaka kuinuka.
Nikashika ukingo wa kitanda kama mtu aliye majini,
nikafumba macho, nikahesabu,
kimoyomoyo, nilidhani.
Maji yakamwagika chooni, mlango ukalia,
raba, unyayo, mpaka thelathini na mbili.
Akapanda kitandani, akaweka nyayo za baridi juu ya zangu,
mguu wa kulia mzito bado,
nami nikakoroma kidogo, kwa ustadi.

"Umeruka ishirini na sita," alisema.