Sukari na Kiwi

Mwaka ule sukari ilipoadimika
bibi alinituma dukani kwa Faraji,
kilo moja, noti nimeifumbata hadi ikalowa.
Faraji akapima, akafunga,
kisha juu ya kifurushi akaweka kopo la kiwi, nyeusi.
"Sukari haitoki peke yake," akasema.
Nyumbani kwetu Barani tulikuwa watu saba
na kiatu cha ngozi, hata kimoja, hatukuwa nacho.

Makopo yalifika kumi na moja kabla meli kuja.
Bibi aliyapanga dirishani,
akayafuta vumbi kila Ijumaa
kama mtu anayetunza deni la mwenziwe.

Leo nina miaka hamsini na mbili,
tanuri mbili, wanawake wanne wa kukanda,
na pikapu iliyonifia njia ya Mambrui, mikate mia tatu mgongoni,
kwa kukosa kidude kisichozidi ukucha.
Fundi Kenga alisema kinatengenezwa ng'ambo,
na huko ng'ambo nako kimekwisha.
Miezi saba nikakodi tuktuk.
Mkate ukifika Gongoni umebonyea kama mto wa mgonjwa.

Nikavaa buibui langu la harusini, nikaenda kwa wauza magari.
Kijana akanipa kiti, akanipa maji ya chupa.
Nikamwambia: nataka gari tupu.
Usukani, magurudumu manne, breki, mgongo wa kubebea.
Akacheka kwa adabu.
"Tupu hazitoki, mama. Vipuri ni haba.
Kiwanda kinatoa zile kamili tu."
Akafungua orodha:
paa la kioo, nilione jua
(jua! la Malindi! ninalolikimbia tangu saa tatu asubuhi),
rimu za kung'aa, spika kumi na mbili,
taa ya buluu ya kuniangazia nyayo,
na viti vya ngozi, vya kupashwa moto.

"Vya kupashwa nini?"
"Moto, mama. Kwa ajili ya baridi."
Tukatazamana.
Feni ilikuwa inazunguka juu yetu
na bado shati lake limemganda mgongoni.
"Baridi ya wapi, mwanangu?"
Kifuani kaandikwa Tsuma. Si yeye aliyeyaunda.
Nikamwonea huruma, kisha nikairudisha mfukoni,
maana laki nne na nusu za nyongeza
zilikuwa zangu, si zake.

Nikauliza: nikiviacha viti, nikajiletea kigoda?
Bei ni ileile.
Hapo ndipo nilipoelewa.
Kidude kilichokosekana cha kuiamsha pikapu yangu
kimepatikana cha kupasha matako ya watu joto.
Uhaba nao una macho.

Nilitia sahihi. Sitajifanya shujaa.
Chachu ina saa zake, haingoji haki.

Halafu Julai, alfajiri moja ya kusi na manyunyu,
unga ukagoma kuumuka.
Mbeyu akabeba beseni, akalifunika leso,
akalikalisha kiti cha mbele kama bibi harusi,
akalifunga mkanda, akabonyeza kitufe.
Nusu saa, leso ikainuka yenyewe.
Tulicheka hadi Mbeyu akaketi chini uani,
na mimi nikacheka, nikafuta machozi,
na tarehe tano benki ikachukua chake bila kucheka.

Kopo moja la bibi bado ninalo.
Nimeliweka mbele ya usukani.
Daraja la Sabaki likinitikisa, nalo hugonga,
kitu kigumu ndani kikitafuta njia.
Jana nililifungua kwa ncha ya kisu.
Hatimaye nina ngozi, bibi,
ngozi ya viti vitano.
Kiwi imekauka.