Fungua

Kutoka kilimani meli ni ukucha tu juu ya maji.
Shuka. Mpite askari wa lango na redio yake inayokoroma,
pita mizani, pita vumbi la saruji
linalozeesha kope za wapagazi kabla ya saa nne,
simama pale reli inapoishia ziwani.
Hapo ndipo utakijua kimo chake.

Harufu hutangulia: dizeli, mahindi yaliyolowa,
kimea kinachochemka kiwandani nyuma yetu.
Kisha kivuli.
Kivuli hukufikia kabla ya chuma.
Kisha chuma chenyewe, ubavu mzima,
rangi juu ya rangi juu ya kutu,
na chini ya jina jipya, jina la zamani
limegoma kufutika.

Leo ni Katonga, usiku kucha kutoka Mwanza.
Inaingia kinyumenyume, tezi ikitangulia,
kwa haya za mkwe mlangoni,
ikisukuma magugumaji yanayofunguka
na kujifunga tena, kana kwamba hakuna aliyepita.
Kaloli wawili juu ya winchi hawajisumbui kuhama.

Serahangi Lushinge anarusha kamba nyembamba.
Inaanguka majini. Anamtukana upepo, anaivuta, anarusha tena.
Safari hii Ddamba anaidaka kwa kifua,
na nyuma ya uzi huo inafuata amari yenyewe,
nene kama paja, ikidondosha ziwa.
Vuta! Legeza! Vuta, we, umelala?
Matairi ya gati yanabanwa, yanalia kama ndama.

Mama hakukitaka Kiswahili nyumbani mwetu.
Kwake kilikuwa mabuti ngazini,
kilikuwa *fungua!* saa nane za usiku,
na kaka yake aliyetoka na kiatu kimoja
pamoja na hao waliosema fungua.
Nilipopata kazi hapa ya kuhesabu shehena
alinipigia pasi shati bila neno.
Sikumwambia kwamba neno la kwanza
nililofundishwa gatini lilikuwa hilohilo:
fungua pingu ya behewa, fungua kufuli,
fungua basi, jamani, jua linatuchoma.

Saa sita meli imepanda shibiri mbili.
Ndivyo ilivyo: hupungukiwa, ikainuka.
Namba za omoni zinachomoza moja moja,
nyeupe, zenye ndevu za kijani,
na mstari wa rangi nyekundu iliyokuwa chini ya maji tangu Mwanza
unaanza kukauka mbele ya macho yako.
Nimeitazama miaka sita. Bado huacha kalamu hewani.

Mama alikuja mara moja tu.
Alileta matooke ndani ya jani, moto bado,
akasema anapita, ingawa hakuna anayepita Luzira
ila mwenye mfungwa au mwenye mzigo.
Alisimama karibu mno. Nikamwambia arudi nyuma.
Hakurudi.
Lushinge akapaza sauti kutoka juu: *Fungua!*
Nikauona mkono wake ukishika gomesi.

Mlango wa tezi ukashuka taratibu, minyororo ikikohoa,
na ndani ya giza lile, behewa la kwanza,
likatoka polepole, limejaa ngano.
Chembe chache zikamwagika relini.
Njiwa wakazishukia.
La pili. La tatu. Magurudumu yakigonga
kila kiungo cha reli, kila kiungo.

Hakuniuliza kitu. Midomo yake ilikuwa ikitembea,
nikadhani anasali.
La mwisho lilipotoka akanigeukia,
akayachungulia makaratasi yangu.
Umeandika kumi na nane, akasema kwa Kiganda.
Ni kumi na tisa.

Nikahesabu upya, kwa kidole, nikitembea kandokando ya reli.
Kumi na tisa.