Kaseti Nne na Nusu

Mwalimu Karolina alizimwaga juu ya meza ya baba
siku treni ilipochelewa hadi usiku, matope mpaka magotini:
kaseti nne, na ya tano haina kasha,
imevishwa soksi.
"Kaka yangu ndiye anayepiga besi," akasema,
"hawajulikani hata mtaani kwao."
Baba akacheka. Basi wamefika,
reli inaishia hapa, mwalimu, mbele ni maji.

Duka letu Mwanga lilikuwa futi sita kwa saba,
mashine mbili za kunakili, moja ilikula utepe.
Kukwamua ilikuwa kazi yangu,
kalamu ya wino ndani ya jino la gurudumu,
zungusha, usivute.

Ya kwanza waliirekodi kwenye banda la gari.
Hakuna aliyeniambia. Bati lilitetema
kila besi iliposhuka chini,
na kuna mbwa, karibu na mwisho, hawakumfuta.
Kiingereza chao cha kutafuna,
Karolina mwenyewe alijaribu kuyaandika maneno
akaacha mapengo, mapengo.
Tukazipa nyimbo majina yetu:
Mlango Haufungi. Mbwa wa Watu. Anashuka Ngazi.
Kibirizi wapo mpaka leo wanaopiga mluzi wa Mlango Haufungi
wakianika dagaa,
na ukiwauliza ni ya nani watakuambia
ya Ntamati, fundi redio.

Ya pili walikuwa wamepata hela.
Inang'aa kama sufuria ya harusi.
Sauti imepigwa pasi, mbwa katimuliwa,
na baba akasema, hawa sasa wana mtu wa kuwaambia "rudieni".
Tuliinakili mara mbili tu,
moja tukairudishiwa.

Ya tatu, sijui niisemeje.
Msimu wa mawese, kidole gumba cha baba
kiko mpaka sasa kwenye karatasi ya kasha, rangi ya chungwa.
Magitaa mawili yanagombana
kama ndugu wanaogawana shamba la michikichi,
halafu, pasipo mtu kuamua, yanapumua pamoja.
Umeme ukikatika tulihamia kwenye betri,
betri zikichoka wimbo ulizama polepole,
mwimbaji akawa mzee, akawa ng'ombe,
akawa mlango.
Baadaye niliusikia kwa mwendo wake halisi
nikaona wanaharakisha. Wanakwenda wapi?

Ya nne haina ngoma.
Nikamwambia Karolina, mpiga ngoma wenu kaondoka.
Alikuwa anahesabu chenji. Akaacha.
"Nani kakuambia?"
Nilikuwa na miaka kumi na miwili, sikujua kueleza
kwamba kila wimbo wanamwachia nafasi yake,
wanasubiri kidogo, wanaendelea,
kama nyumba inayopakua sahani ya mtu
aliyezikwa Jumanne.
Barua ya kaka yake ilikuwa mkobani, haijajibiwa.

Juzi Ezekia, mtoto wa dada, kawatafuta kwenye simu.
Kawapata! Mwaka, picha za majalada,
wanaume watano wamesimama kwenye theluji
wamekunja mikono.
Zote hizi hapa, shangazi. Nne. Walivunjika.
Sikumbishia.

Ile ya soksi ina nyimbo tatu, upande mmoja,
ya tatu inakatika katikati ya neno.
Upande wa pili ulikuwa mtupu,
na baba, kaseti tupu kwake ilikuwa kaseti tupu.
Anajaribu kipaza sauti cha Wapentekoste wa Gungu:
"Moja. Mbili. Moja." Kikohozi.
Mvua kwenye bati, letu safari hii.
"Moja, mbili. Skola, lete koleo."
Na sauti nyembamba, mbali, ya kinyongo:
"Silioni."
"Tazama vizuri."
"Baba, silioni!"

Lilikuwa mfukoni mwake.
Ukiongeza sauti utalisikia,
linagonga funguo.