Dawa ya Moto

Baba aliwasha njiti mbele ya mteja,
akaisogeza kwenye pembe ya sponji.
Ikafuka, ikanywea, ikazimika.
"Umeona? Hii imetiwa dawa."
Karakana yetu Changamwe, nyuma ya kituo cha mafuta;
mimi, mwana wa Fundi Nyale, chini ya meza
naokota makombo ya sponji
nimjaze mwanasesere tumbo.

Dawa ya moto ni moto, walisema wa kale.
Viwandani wakapata nyingine,
wakaitia kwenye makochi, kwenye mazulia,
kwenye migongo ya televisheni.
Hatukuuliza dawa ikimaliza kazi
huenda kulala wapi.

Leo niko Makupa. Maji yamekupwa,
tope linanifika magotini.
Mbeyu ameshika boksi la barafu, ananihimiza:
bahari ikianza kujaa haingoji vipimo.
Nasukuma bomba. Tope linaingia
polepole, kama mguu kwenye soksi iliyolowa.
Nalivuta, nalilaza juu ya turubai:
kijivu, jeusi, ufito mwembamba wa kahawia,
harufu ya yai viza.
Chini kabisa, kipande cha kombe na uzi wa mzizi wa mkoko,
miaka ambayo hapa hapakuwa na kochi.
Juu, shibiri moja tu,
ndipo tulipo sisi.

Kule Kibarani walizichoma televisheni wapate shaba.
Kilichokatazwa kuungua
kikaunguzwa wiki nzima,
moshi umelala barabarani, magari yamewasha taa mchana,
kisha masika yakafagia kilichobaki.
Moto huzaa jivu, najua.
Ila jivu hili halikuzaliwa lioze.
Limeng'ang'ania tope,
tope limeingia utumbo wa mnyoo,
mnyoo kwa kaa, kaa kwa chewa,
chewa kwenye sufuria ya sijui nani.
Yangu pia, Ijumaa iliyopita, na ukwaju.

Maabara itanipa namba:
chembe kadhaa katika bilioni.
Mbeyu anaandika tarehe kwenye chupa,
wino unakataa kushika kwenye maji.

Jioni Baba ananiuliza nilichokipata.
"Tope."
Macho yake siku hizi hayatungi uzi kwenye sindano,
lakini kiberiti bado kimo mfukoni.
"Linashika moto?"
"Halishiki."
Anatikisa kichwa, anatabasamu
kama aliyemaliza kuuza.
"Ile ilikuwa dawa," anasema.
"Ile ilikuwa dawa kweli."