Mita Arobaini

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, umande mzito,
nafungua nyavu kabla Rondo haijaamka.
Nyembamba kama nywele za mahindi mabichi;
hata mimi niliyezifunga jana
nimeiingia moja kwa uso.

Wa kwanza ni shore. Wa pili ni shore.
Wa tatu ananing'inia kichwa chini, kimya,
kifua kama chungwa lililoiva upande mmoja,
mguuni pete ya alumini.
Namtia katika mfuko nilioushona kwa kanga kuukuu ya mama
(maandishi yamekatika, limebaki neno "jirani"),
namtundika kwenye mizani.
Gramu kumi na nane. Korosho tatu ghafi.

Nasoma namba. Nafungua daftari. Nasoma tena.
Huyu nilimvisha pete mwezi wa tatu
katika msitu wa pili, ng'ambo ya mikorosho.

Daktari Mng'anya alitufundisha, kidole juu ya ramani:
hawa hawavuki peupe.
Ni ndege wa kivuli na majani makavu,
mita hamsini za jua kwao ni bahari.
Na kati ya misitu hii kuna kilomita nzima
ya mikorosho iliyofagiliwa chini,
nyeupe kwa salfa kila Julai.
Nikamtumia namba. Akajibu upesi:
Amepita wapi???

Mimi najua alipopita.
Simu nikaifunika kiganjani.

Kuna ukanda wa kichaka, upana mita arobaini,
unaoteremka toka msitu hadi msitu
kati ya shamba la baba na la baba mkubwa Mfaume.
Miaka kumi na mmoja haujaonja panga.
Kila mmoja alisema ni wake.
Baraza la kata likasema asiingie mtu mpaka kesi iishe,
na kesi, kwa kuwa ni ya ndugu, haikuisha.

Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime.
Basi aliyelima hapa ni nani?
Fungo, aliyeacha mbegu na mavi yake.
Ming'oko, iliyojichimbia bila kuomba ruhusa.
Komba usiku, sange mchana,
na mimi na Salima wa baba mkubwa, watoto,
tuliokatazwa kusalimiana,
tukipitishiana mabibo chini ya miiba.

Kisha bibi akafa, mwezi uliopita.
Siku ya arobaini wale wawili waliketi mkeka mmoja,
wakalia, wakacheka kwa jambo la utotoni
ambalo hakuna mwingine aliyelielewa.
Shangazi Somoe alipiga kigelegele, kisha akakumbuka ni matanga.
Pilau nilikula. Nilirudia sahani.

Watagawana sawa kwa sawa: ishirini huku, ishirini kule.
Miche ya korosho imeshafika,
imejipanga ukutani ndani ya vifuko vyeusi
kama wanafunzi wanaosubiri kengele.
Desemba hii, mvua ikishika.

Nafungua kiganja.
Ndege haendi juu, haendi mbinguni kama kwenye picha.
Anashuka, anazama vichakani, anaelekea kule kule.

Kwenye daftari kuna safu ya Maelezo.
Huwa naandika: mzima; au: anabadili manyoya.
Leo kalamu ilikaa hewani, kisha ikaandika:
amepita kwenye ugomvi wetu.

Nikaenda nalo nyumbani.
Walikuwa kibarazani, wanapima kamba kwa hatua za vidole,
jiwe la kunolea kati yao, limelowa.
Nikawasomea namba, tarehe, uzito, msitu hadi msitu.
Nikasema: kabla hamjakata, nisikilizeni.

Baba akatazama miche.
Baba mkubwa akaweka kamba chini, polepole,
akanikazia macho kama hakimu:

"Na huyo ndege, mwanangu,
alipita upande wangu, au upande wa baba yako?"