Upande wa Chini

Bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini.
Odile hakusema neno. Aliichomoa, akainusa,
akatoka uvunguni na kunipa ninuse:
uyoga, majani ya mwaka juzi, soksi iliyosahaulika.
"Hii ndiyo boriti inayolishika baraza ukutani," akasema.
Au tuseme, iliyokuwa ikilishika.

Nilikuwa nimemwita kwa jambo dogo.
Msasa, makopo mawili ya rangi, basi.
Baraza limepauka kama mfupa uliotupwa na mbwa,
vibanzi vinachoma nyayo za wajukuu,
na kila theluji inapoyeyuka misumari inachungulia
kama watoto walioambiwa walale.

Jarmo, mwanangu, hupiga simu kutoka Calgary:
Ng'oa lote, Mama. Siku hizi kuna mbao za plastiki,
haziozi, hazipauki,
dhamana miaka ishirini na mitano.
Mimi nina sabini na mmoja.
Nikamuuliza, dhamana hiyo ni ya nani?
Akacheka. Sikuwa natania.

Usidhani nang'ang'ania.
Veikko alipolijenga, kiangazi cha themanini na saba,
alitukana kwa Kifini kila siku, hata Jumapili.
Mwerezi aliupata Nipigon kwa bei ya kutupa,
akasahau kipande cha bati kati ya boriti na ukuta,
kitu cha dola tisa.
Maji hayasahau. Miaka yote hiyo
yalipita pale kimyakimya, kama mtu
anayejua ufunguo unafichwa wapi.

Na sauna nayo. Jumamosi usiku
tulitoka kwa mlango ule, mvuke ukitufuka mabegani,
tukasimama uchi, nyuzi ishirini chini ya sifuri,
tukidondoka matone.
Palipooza zaidi
ndipo alipopenda kusimama.

Nikasema, basi tufunike tu.
Mbao mpya juu ya mifupa ya zamani.
Odile ana miaka ishirini na tisa na makovu vidoleni,
huongea taratibu kama anayehesabu chenji.
"Naweza. Litapendeza. Kiangazi hiki litapendeza.
Halafu siku moja mtasimama watu kumi hapa mkikata keki."
Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.
Huu wangu, ndani hata hicho kipande hakuna.

Aking'oa ubao mmoja ili anionyeshe zaidi,
akaugeuza.

Upande wa chini ulikuwa bado mwekundu,
kana kwamba umepasuliwa jana,
una harufu ya kabati la mama yangu.
Na juu yake penseli, mwandiko wa Veikko:
mia na arobaini na mbili na nusu. Amekata kwa mstari.
Mia na arobaini na tatu. Amekata.
Kisha kwa Kifini, herufi kubwa:
PIMA TENA, MPUMBAVU WEE.

Tulikunywa kahawa ngazini, sote wawili tukiwa na koti.
Barafu ya mwisho ilikuwa ikigugumia ziwani.

Tukaamua hivi, kama huku ni kuamua:
boriti ya ukutani, mpya, na bati lake,
ambalo sasa ni dola thelathini na moja.
Boriti tatu za upande wa sauna, mpya.
Nguzo zibaki, zimesimama juu ya mwamba.
Mbao tutazigeuza mojamoja,
zitakazovunjika ziwashe sauna.
Jarmo anasema kwa fedha hizo ningepata jipya.
Nimepiga hesabu. Amekosea kwa dola mia nne tu.

Ule mmoja nimemwambia Odile asiugeuze.
"Yaani maandishi yabaki chini, yasionekane?"
Yabaki chini. Alikuwa akijiandikia mwenyewe.

Utakaa pale katikati, mweupe kati ya wekundu,
na vibanzi vyake vyote.
Wajukuu wataambiwa wavae viatu.